Mkato wa Henzerani

Mkunya, Newala
12 Juni 1994

Wifi yangu Mama Vitalis,

Barua hii isome ukiwa peke yako jikoni, na ukimaliza itie motoni. Salamu nitakupa mwishoni kama nafasi itabaki.

Jafari ameanguka. Alikuwa anapanda kutoka bondeni Ruvuma na mzigo wa fito za henzerani begani, pale kwenye kona ya mawe ambapo hata sisi wabeba maji hushikana mikono. Jiwe likamtoka mguuni, akaenda chini na mzigo wake. Nyonga imevunjika. Mzee wa mifupa wa Chilangala amemfunga magome na anasema atasimama, ila hasemi lini. Kwa sasa hata kukaa hawezi. Analala chali anahesabu nyasi za paa.

Kaka asijue. Wewe umeolewa kwetu, unajua alichomfanyia dada Justa. Mumewe alipougua kifua kule Chiwata, kaka alikwenda na wazee wa ukoo, akiwa ndiye mjomba wa watoto. Wakakaa barazani, wakasema mume ameshindwa nyumba, na jioni ile Justa alikuwa juu ya lori na watoto na vyungu vyake. Yule bwana alibaki na kikohozi chake hadi alipozikwa na majirani. Kwa mila zetu kaka hakukosea, mjomba ana haki hiyo. Na mimi siku ya ndoa yangu alimwambia Jafari mbele ya watu wote: "Siku mikono yako ikichoka, namfuata mdogo wangu." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua.

Mimi sitaki kufuatwa. Huyu ndiye mume wangu, mzima au amevunjika.

Kwa hiyo mizigo ya henzerani haitakoma kufika kwenye karakana yenu ya viti. Maadamu mizigo inafika, kaka atajua Jafari yupo na ana nguvu zake, hatakuwa na sababu ya kupanda huku. Nitakata mimi. Danieli dereva huchukulia mzigo njia panda, hafiki nyumbani, hivyo haoni kitu.

Lakini kuna jambo moja. Jafari ni mashoto. Mkato wake wa panga hulala upande wake peke yake, na kaka anaujua kama anavyoijua sura yake kwenye kioo. Mkato wangu utalala kinyume. Tafadhali, mzigo ukishuka upokee wewe kwanza, ukate vichwa vya fito zote viwe butu. Akiuliza sema vilikuwa vimepasuka.

Nafasi haikubaki. Nakusalimu hivyo hivyo.

Wifi yako,
Veridiana


Masasi
3 Julai 1994

Shemeji Jafari pamoja na mdogo wangu Mama Somoe,

Salamu kutoka karakana. Mzigo umefika. Mke wangu ameupokea kabla sijatoka kanisani, akaukata vichwa vyote eti vimepasuka. Siku hizi kila mtu ni fundi isipokuwa mimi.

Nina habari kubwa. Bwana Nickson, yule mtu wa Moshi aliyejenga nyumba ya wageni karibu na stendi, anataka viti vya baraza nzima na vya vyumba vyote. Hiyo ni kazi ya kutuvusha mwaka. Ila kaa vizuri, shemeji, nikueleze dunia ilivyogeuka. Zamani ofisi zote za wilaya zilikalia viti vyetu, ushirika ukinunua, hakuna aliyeuliza. Sasa ni ruhusa, kila mtu alete anachotaka, na wiki iliyopita limeshuka lori la viti vya plastiki. Vyeupe. Vinapangwa kimoja ndani ya kingine kama sahani, na ukikalia kinayumba kama mlevi. Bwana Nickson amevitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Ameniambia waziwazi: "Fundi, nikiona kasoro kwenye vyako, nanunua vile."

Kwa hiyo nataka henzerani ndefu. Nzuri bila urefu haitoshi. Wewe unajua kazi hii ilivyoanza. Bruda wa misheni alitufundisha fremu na kukunja kwa moto, lakini ule msuko wa mgongoni ni wa babu yetu. Aliusuka kwenye migono ya kutegea samaki hapo Ruvuma kabla hajafika mzungu yeyote na kiti chake. Bruda akauona, akaukandamiza kwa mkono, akasema huu utafaa mgongo wa mtu. Karakana ingejengwa kwenu juu kama si shida ya maji. Henzerani hunywa maji kutwa nzima ndipo ikubali kusukwa, na nani angewaambia wanawake wa Newala wapande lile genge la kutoka bondeni na ndoo kichwani ili fito zinywe? Ndiyo sababu mnakata nyinyi na tunasuka sisi.

Kiti kizuri ufito mmoja huanza mguu wa nyuma, hupanda, huzunguka mabega, hushuka mguu wa pili bila kukatwa popote. Kwa hiyo vuta, shemeji. Vuta mpaka kilele kishuke.

Ni mimi shemeji yako,
Nikolao


Masasi
4 Julai 1994

Wifi,

Nimekata vichwa mpaka kiganja kimetoka malengelenge. Baba Vitalis aliporudi nilikuwa nafagia vipande, nikavisukuma chini ya meko. Nikamdanganya kwa mdomo uleule uliotoka kupokea ekaristi. Nimeungua moyo siku nzima.

Veridiana, mwambie tu. Ana sauti kubwa lakini si mtu mbaya. Kwa habari ya Justa, sitaki kusema sana, ila nimewahi kumsikia akiwa peke yake akimtaja yule bwana wa Chiwata kwa jina. Sikuthubutu kumuuliza.

Kama hutaki, basi. Nitaendelea kukata. Ila siwezi kuwa getini kila siku gari la Danieli likija, nina shamba na nina watoto. Siku moja litanikosa.

Unakula? Nani anakusaidia kumgeuza mgonjwa?

Dorika


Mkunya
17 Julai 1994

Kaka, shikamoo.

Tumepata barua yako. Jafari anacheka viti vinavyoyumba kama mlevi, anasema umletee kimoja akione. Yu mzima. Yuko bondeni muda mwingi, ndiyo maana naandika mimi kama kawaida, unajua yeye na kalamu.

Anasema henzerani ya karibu imeanza kuisha, umvumilie kuhusu urefu. Atajitahidi.

Somoe anakuamkia. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Mdogo wako,
Veridiana


Mkunya
17 Julai 1994

Wifi yangu,

Ile nyingine aliyokuja nayo Danieli ni ya kaka, ya uongo. Hii ndiyo yako.

Kukata ni rahisi, hata Somoe angekata. Kazi ni kuvuta. Henzerani huanzia chini kwa upole, kisha hupanda mti hadi kileleni na kushika kila tawi kwa miiba yake. Ukishakata shina unalizungusha kiunoni, unarudi kinyumenyume. Unarudi, unarudi, macho yako juu kuangalia kilele kitaachia lini, huoni hata unapoweka kisigino. Jafari akivuta inakuja yote na majani yake. Mimi inafika nusu inagoma, naikata hapo, iliyobaki nawaachia tumbili. Hizo ndizo fito fupi anazolalamikia kaka.

Na upande wetu wa mto imekwisha kweli, huo si uongo. Imejaa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Unaiona kutoka huku, imefunika miti kama nywele. Haijakatwa tangu vita vya Mreno kwa sababu kule kumefukiwa mabomu. Sasa vita vyao vya pili navyo vimekwisha na watu wanavuka kurudi kwao, lakini wanapita njia moja tu iliyokwisha kukanyagwa. Porini haingii mtu. Jafari ameniapisha nisivuke, kwa mkono wangu juu ya kichwa cha Somoe.

Umeuliza nani ananisaidia kumgeuza. Namgeuza mwenyewe, amekonda. Lakini nikuambie kitu, wifi. Fito zikishafika nyumbani ni zake. Nimemwekea ubao kifuani, anaparua maganda na kuchana akiwa chali hivyo hivyo, vumbi linamwingia machoni naye hataki kuacha. Ananifundisha kuvuta kwa maneno: shusha kiuno, usitumie mabega, ukisikia inatetemeka mkononi ujue imeachia tawi moja. Hatujapata kuongea hivi tangu anioe. Najisikia vibaya kusema, lakini kuna jioni nafurahi.

Endelea kukata vichwa.

Veridiana


Masasi
21 Agosti 1994

Jafari,

Leo sikuiti shemeji, utanisamehe.

Mizigo mitatu sasa na yote ni vijiti vya kukokea moto. Bwana Nickson amekuja karakana, amesimama, ameondoka bila kuaga. Nimesuka kiti kimoja kwa fito zako ili nione kama kinawezekana. Kina kiungo kila shubiri mbili. Nimeunga mguu, nimeunga bega, nimeunga mgongo, nimeunga hata viungo vyenyewe. Tangu nimeshika kazi hii sijasuka kitu cha aibu namna hii. Nimekiweka mlangoni kila anayepita akione, na wakiniuliza nasema hiki kimetoka kwa shemeji yangu wa Mkunya ambaye siku hizi hataki kuvuta.

Kitu kimoja sitakunyima: hazijapata kuparuliwa vizuri kama hivi. Nyororo hadi kwenye fundo. Sasa niambie, mtu anayepata muda wa kuparua hivyo amekosa vipi muda wa kuvuta? Unakaa kivulini unakwaruza kama bibi harusi anayejisugua, na mke wako anaandika barua eti unajitahidi.

Mwaka ule wa ndoa nilikuambia neno. Sijalisahau, na wewe usilisahau.

Nikolao


Masasi
25 Septemba 1994

Wifi yangu Veridiana,

Nimekosa gari. Niambie chochote, nastahili. Mtoto alikuwa na homa nikampeleka zahanati, na nyuma yangu Danieli akashusha mzigo mikononi mwa Baba Vitalis.

Niliporudi nilimkuta amechuchumaa. Ameshika ufito mmoja, anazungushia kidole kwenye kichwa chake, anazunguka tena. Akachukua wa pili, na wa tatu. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akasema: "Hizi hakukata Jafari. Aliyekata anatumia mkono wa kulia, na hana nguvu." Nikaangalia chini. Akasema: "Wewe ulikuwa unakata vichwa." Nikainama kukusanya fito, maana ningejibu ungetokea uongo mwingine na sina tena.

Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia ukweli wote wakaingia watu wa kanisa, na walipoondoka alikuwa ameshaamua anachokijua. Wifi, anaamini Jafari amekuacha! Anasema wanaume wengi wa huko wanavuka na hawa wanaorudi Msumbiji, wanaoa ng'ambo, na wewe unaficha aibu kwa kukodi kibarua akate. Nimemwambia siyo. Akaniuliza basi ni nini. Nikakumbuka ulivyoniomba asijue, nikalia badala ya kujibu. Yeye akaona machozi kuwa ndiyo jibu.

Jumamosi hii anapanda Mkunya na Mzee Cecil na mzee mwingine wa ukoo. Amekodi gari dogo, anasema lina nafasi ya watu na ya vyungu. Kile kiti cha viraka anakipakia pia, akakiweke mbele ya wazee kama ushahidi kwamba Jafari alishaacha kazi kabla ya kuacha mke.

Mwandikie leo. Mwambie ameanguka. Au niruhusu nimwambie mimi, nakusihi.

Dorika


Mkunya
28 Septemba 1994

Kaka, shikamoo.

Jafari hajaoa popote. Yupo nyumbani kwake na mimi nipo kwake. Nakuandikia kwa heshima zote lakini nina hasira, kwa hiyo utaona mwandiko umekaza.

Usije Jumamosi. Umesema tatizo ni fito fupi. Basi zinakuja ndefu, ndefu kuliko ulizowahi kuona tangu Bruda aondoke. Ijumaa zitakuwa njia panda na Danieli atakuletea. Ukiziona utajua nyumba hii haijashindwa kitu. Wazee wapumzike, na hilo gari ulipe likabebe mahindi.

Nikisema zinakuja, zinakuja.

Mdogo wako,
Veridiana


Mkunya
Ijumaa, 30 Septemba 1994

Shemeji Nikolao,

Assalam alaikum. Ni mimi Jafari, naandika mwenyewe. Nimelala, utavumilia mistari inavyopanda.

Mama Somoe aliondoka jana alfajiri kwenda kukata. Hurudi kabla jua halijazama. Hajarudi hadi sasa.

Nilivunjika nyonga mwezi wa sita kwenye genge. Tangu hapo anayekata ni yeye. Alikuficha kwa sababu ya Justa, na mimi nikamwachia afiche kwa sababu niliogopa kubaki kama yule bwana. Zile fito unazosema zimeparuliwa vizuri niliziparua mimi, nikiwa chali. Sikukaa kivulini.

Jana kabla hajatoka aliniaga vizuri kupita kawaida. Asubuhi hii Somoe ameniambia mama yake alisema ataleta ndefu. Ndefu ziko ng'ambo tu. Alikuwa ameniapia asivuke. Majirani wameteremka hadi mtoni, wameita, mto ni mpana na hakuna aliyejibu. Kuvuka hawathubutu, na siwezi kuwalaumu.

Najua kesho unakuja kumchukua. Njoo, lakini njoo sasa hivi, na uje kumtafuta. Akipatikana mzima na ukataka kumchukua sitakuzuia kwa neno lolote. Mimi nimejaribu kufika mlangoni kwa viwiko nimefika. Kuteremka genge siwezi.

Jafari


Mkunya
3 Oktoba 1994

Mama Vitalis,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua ya Jafari alinipa Danieli tukiwa tunapakia kile kiti. Niliisoma nikaisoma tena, nikawaambia wazee wapande gari upesi, sikuwaambia kwa nini. Njia nzima Mzee Cecil alizungumzia watoto watalala wapi kwetu.

Tulipofika nilimkuta shemeji mlangoni, chini, kifua kwenye kizingiti. Ndani nikaona kitanda na ubao, na maganda ya henzerani yamejaa kuanzia sakafuni hadi usawa wa godoro. Nilisimama kwenye yale maganda nikakumbuka barua niliyomwandikia. Mke wangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamnyanyua nikamrudisha kitandani, ni mwepesi. Nikateremka bondeni mbio na miaka yangu hii.

Mtoni nilimpata mtu anaitwa Pancras, Mmakonde wa ng'ambo, aliyekuwa mpiganaji kwao na sasa anatega samaki. Siku mbili zile alikuwa juu ya mto kwenye migono yake. Mto umepungua, tukavuka hadi kiunoni. Upande wa pili tukafuata njia iliyokanyagwa. Nikaita. Akajibu! Sauti ilikuwa karibu kabisa, kavu kama ya mgonjwa: "Kaka, usiingie. Simama hapo hapo."

Alikuwa amekaa juu ya mzigo wake wa henzerani, ndani ya kichaka, magoti kifuani. Alikuwa amevuta ufito wa mwisho kinyumenyume kama kawaida ya wavutaji, macho juu. Ukaachia ghafla akaanguka matakoni, na alipoangalia, karibu na mkono wake mchanga ulikuwa umesogea na bati la duara limejitokeza. Akageuka kutafuta nyayo zake arudi nazo, hazikuwepo. Henzerani alizoburuta zilikuwa zimezifuta zote. Basi akakaa. Tangu Alhamisi, wifi yako alikaa bila kunyoosha mguu, analamba umande kwenye majani.

Pancras aliniomba ufito mwembamba, mgumu, usiopinda. Nilimchagulia, kazi niliyoifanya maisha yangu yote nikawa nashindwa kuona upi umenyooka. Akalala kifudifudi, akaanza kuchoma mchanga kidogo kidogo mbele yake, anaingiza, anasikiliza, anasogea. Mimi nimeambiwa nisiondoe mguu nilipousimamisha. Nilitaka kumfokea Veridiana, nikataka kumwimbia, nikajikuta namwuliza kama kule Mkunya mvua za mwaka jana zilikuwa nzuri. Akajibu zilikuwa nzuri. Jua lilihama kutoka bega hili hadi lile. Mara moja Pancras alisimama kabisa, akarudi nyuma shubiri moja, akazunguka mbali.

Walipotoka, akikanyaga penye alama za tumbo la Pancras, mdogo wangu alifika mbele yangu, akapiga goti. Akasema: "Shikamoo kaka. Zimebaki kule, lakini zote zilikuwa ndefu."

Nilimpakata kama tulivyokuwa watoto.

Tulifika juu jioni. Wazee walikuwa wamekaa barazani wanangoja, na kile kiti kimeshushwa, kimewekwa katikati ya uwanja kama nilivyoagiza. Majirani wamejaa. Mzee Cecil hakungoja nipumue. Akasema: "Nikolao, tumekuja kwa shughuli na shughuli imezidi kuwa nyepesi. Mume hawezi kusimama, mke nusura afe. Wewe ndiye mjomba. Sema neno, tupakie."

Na haki ilikuwa upande wake, Dorika, wewe unazijua mila hizi. Ni maneno yaleyale niliyoyasema Chiwata, na kule yalinitoka vizuri. Nikamwangalia Veridiana. Hakuniomba. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, amefumbata fremu ya mlango kwa mkono mmoja nyuma.

Nikasema: "Wazee, hatukuja kupakia. Tumekuja kumletea shemeji kiti chake."

Niandike nini tena? Sirudi wiki hii. Mwambie Bwana Nickson anunue vyeupe kama anavitaka, au angoje. Nitumie kisu changu kidogo na lile jivu la dawa ya bungua, wadudu wa fito.

Mumeo,
Nikolao


Mkunya
16 Oktoba 1994

Wifi yangu Mama Vitalis,

Safari hii naanza na salamu. Hujambo? Watoto hawajambo? Homa ya mtoto iliisha? Hii usiichome.

Kaka najua amekuandikia, na najua alikoishia, kwa sababu alikunja karatasi kwa haraka akatoka nje. Nikumalizie.

Aliingia ndani mwenyewe akambeba Jafari. Wazee wameduwaa, Mzee Cecil amebaki na mkono hewani. Akamkalisha kwenye kile kiti, taratibu, kwanza upande mzima, akamwekea kanga zangu chini ya nyonga. Jafari alikuwa hajakaa tangu mwezi wa sita. Alifumba macho kwa maumivu, kisha akajiachia mgongo. Watu wote tulisikiliza, wifi, tulisikiliza kama kitalia. Viungo vyote vile, kila shubiri mbili, na hakikulia hata kimoja.

Kisha kaka akapiga magoti nyuma ya kiti ili watu wasimwone. Akawa anapitisha kidole kwenye viungo kimoja kimoja, mguu, bega, mgongo, vile alivyoviita vya aibu. Mimi nilikuwa upande ule, nikamwona. Alikuwa analia kabisa, na alitaja jina la marehemu shemeji wa Chiwata. Nimeshamsamehe kwa upande wangu. Kwa Justa, atajua mwenyewe la kumwambia Justa.

Usidhani amekuwa malaika. Alinifokea siku nne mfululizo kwa kuvuka, na Jafari kwa upande wake hajaniongelesha vizuri hadi juzi, kwa ajili ya kile kiapo juu ya kichwa cha mtoto. Wote wawili wana haki. Nikifumba macho naliona lile bati.

Ng'ambo sitavuka tena. Pancras anasema upande huuhuu, juu ya mto kwenye migono yake, kuna kijito chenye henzerani changa za kutosha, ngumu kufika lakini salama, watoto wa wavuvi wanaoga pale. Nimekwenda na kaka tumeiona. Anasema fito za pale zitakuwa za urefu wa kati, na amekaa na Jafari siku mbili wanachora chini kwa vijiti namna ya kusuka kiti cha viungo vilivyopangwa, vionekane vimekusudiwa. Wanabishana kama vijana. Jafari anakaa kitini kutwa, ananiamuru nishushe kiuno hata nikiwa nachota unga.

Kesho kaka anarudi kwako. Mzigo utakuja Jumatano na Danieli, nimeukata mwenyewe na kuuvuta mwenyewe. Gari likifika usikimbie getini, kaa na watoto wako.

Na usikate vichwa.

Wifi yako,
Veridiana